Katana: riziki isiyongoja shamba

Mfadhili anayefika Katana kusaidia wakimbizi mara nyingi huja na jembe na mbegu za maharage. Zawadi nzuri, lakini zipandwe wapi? Sehemu hii ya teritwari ya Kabare, mashariki mwa Kongo, kaskazini mwa Bukavu kwenye barabara ya taifa namba 2, imebanwa: mashariki ziwa Kivu, magharibi mbuga ya Kahuzi-Biega, na katikati mashamba makubwa yaliyoachwa na wakoloni. Wenyeji wenyewe wanagombania matuta.

Juu yao wakaongezeka waliokimbia Kalehe baada ya mafuriko ya Mei 2023 yaliyozoa vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, kisha waliokimbia vita vya Minova. Februari 2025 vita vikafika Katana kwenyewe. Wengi wamepokelewa majumbani mwa watu, kwa hiyo chungu kimoja kinalisha watoto wa familia mbili.

Mgeni hupata shamba kwa bwasa, mapatano ya kimila ya Bushi, nchi ya Washi: unalipa, unalima msimu, unarudisha. Migomba na kahawa hairuhusiwi, kwa kuwa zao la kudumu ni dalili ya kumiliki. Ukiweka samadi na udongo ukanona, mwenye shamba anaweza kulitaka msimu ujao. Nani ataboresha udongo wa mwenzake kwa masharti hayo? Ndiyo maana aliyepewa jembe huishia kufanya nalo kibarua, na ujira wa siku huisha jioni ileile.

Biashara zinazowainua wakimbizi ni zile zisizodai ardhi. Ya kwanza ni sambaza, samaki wadogo walioletwa ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959. Huvuliwa usiku kwa taa. Mwanamke mwenye beseni na jina zuri huchukua mzigo alfajiri kwa deni na kulipa jioni. Wabichi hawamngoji mtu, ila wakikaushwa hukaa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, nyavu zinapumzika, bei inapanda. Hapo ndipo mwenye akiba ya wakavu anapata faida. Kinachomkwamisha ni mtaji wa kununua zaidi ya kile atakachouza leo, na vizuizi vya barabarani ambavyo kila kimoja kinamega chake.

Ya pili watu wa mjini huicheka: dende, yule mnyama mdogo asiye na mkia ambaye Tanzania wanamwita simbilisi. Anakula majani na maganda, analala jikoni, anabeba mimba kwa siku 68 hivi na kuzaa watoto wawili hadi wanne. Ng'ombe wa Bushi waliporwa vita baada ya vita. Dende unamtia kikapuni na kukimbia naye. Zaidi ya hapo, mara nyingi wafugaji ni watoto, na mtoto anayechinjiwa wake anapata protini bila kungoja soko. Katika eneo hili jambo hilo si dogo: hospitali ya Lwiro, jirani hapo, imetibu watoto wenye utapiamlo mkali kwa miongo mingi, na mlo wa muhogo mtupu ni sehemu kubwa ya chanzo chake.

Mtaji wenyewe hutoka kwenye likelemba, yaani mchango wa kupokezana, au kwenye vikundi vya kuweka na kukopa. Mwaka 2025 benki za Bukavu zilipofunga milango na noti kuadimika, kisanduku cha kikundi kilikuwa hazina ya karibu. Udhaifu wake ni kwamba wanachama wakitawanyika mkopo hutawanyika nao.

Kwa hesabu yangu, fedha zinazonunua majembe zingefaa zaidi kulipia bwasa ya misimu minne kwa mkataba wa maandishi mbele ya chifu wa kijiji, pamoja na dende jike wawili na dume mmoja kwa kila nyumba. Na nusu ya dende hao waende kwa familia zinazowapokea wageni, maana ugali wao ndio uliogawanywa.