Mvua ikinyesha, mguu wa bodaboda umevaa nini?

Mvua za masika zinapoingia Nairobi, kuanzia Machi hadi Mei, na zile za vuli zinapofuata kati ya Oktoba na Desemba, mitaa ya Eastlands hubadilika sura. Udongo mweusi wa Embakasi, Kayole, Njiru na Mihang'o hulainika na kunata kama ugali mbichi. Mitaro ya Dandora na Kariobangi hufurika na kutapika uchafu barabarani. Matatu hukwama Outering Road, nauli hupanda, na abiria aliyechelewa kazini hukimbilia bodaboda.

Siku kama hiyo, mpenzi msomaji, hebu tazama miguu ya hao wanaotubeba. Huyu amevaa malapa, eti viatu vyake vizuri visiharibike. Yule amevaa raba za kitambaa na kuzizungushia karatasi ya plastiki. Wa tatu ana gambuti za shambani. Wa nne amevaa viatu vya ofisini ambavyo soli yake imeanza kuachana na ngozi.

Kichwa angalau kina mtetezi. Sheria ya trafiki, kwa kifungu kilichoongezwa mwaka wa 2012, inamtaka mwendeshaji avae helmeti na jaketi yenye kung'aa. Lakini mguu umeachiwa mfuko wa mwenyewe, na mfuko huo aghalabu una mambo mengine ya kulipa.

MGUU NDIO KAZI

Tangu mwaka wa 2008, serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki zilizo chini ya cc 250, maelfu ya vijana wamepata riziki kwenye magurudumu mawili. Wengine wanalipia mkopo wa pikipiki kila siku. Wengine wanaendesha pikipiki ya mtu na lazima wampelekee mwenye mali hesabu yake jioni. Kijana wa namna hiyo akivunjika kifundo cha mguu, kodi ya nyumba haimngoji, karo haimngoji, wala mwenye mkopo hamngoji.

Na mguu ndio unaofanya kazi. Wa kushoto hubadilisha gia, wa kulia hukanyaga breki ya nyuma. Pikipiki ikisimama kwenye tope, ni mguu unaoshuka kuishikilia. Pikipiki ya kawaida ya bodaboda, kabla hata abiria hajapanda na gunia la viazi halijafungwa nyuma, ina uzito wa kilo mia moja au zaidi. Ikiteleza na kulala ubavu, jambo la kwanza kubanwa kati ya chuma na lami ni mguu. Ongeza hapo paipu ya moshi yenye moto, na misumari na vipande vya chupa vilivyojificha chini ya maji.

Maji yenyewe si ya kuchezea. Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyowasomba watu na nyumba Mathare, yalitukumbusha kwamba mto, mtaro na choo huwa kitu kimoja mvua ikizidi. Mguu uliolowa kutwa hulainika ngozi, hupasuka kati ya vidole na kuota kuvu. Jeraha dogo huwa mlango. Hapo ndipo yanapoingia maradhi kama leptospirosi, yaenezwayo na maji yenye mkojo wa panya, na pepopunda, ambayo viini vyake hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama. Kwa mwendeshaji mwenye ugonjwa wa kisukari hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu anaweza kujeruhiwa mguu asihisi.

GAMBUTI: RAFIKI WA NUSU NJIA

Buti za mpira si kitu cha jana. Charles Goodyear, Mmarekani, aligundua mwaka wa 1839 jinsi ya kupika mpira pamoja na salfa ili usiyeyuke kwa joto wala kupasuka kwa baridi. Mwaka wa 1853, Hiram Hutchinson, Mmarekani mwenzake, alifungua kiwanda Ufaransa na kuanza kuwatengenezea wakulima viatu vya mpira. Kwetu Kenya, kiwanda cha Bata kule Limuru kimewavisha gambuti wakulima, wafugaji na askari wa usiku vizazi na vizazi.

Sifa ya gambuti ni moja kubwa: maji hayapiti. Tena bei yake ni nafuu, na huoshwa kwa mfereji ikawa safi. Kwa mhudumu anayevuka madimbwi ya Utawala na Ruai siku nzima, hiyo si sifa ndogo.

Lakini gambuti ya kawaida iliundwa kwa mtu anayetembea shambani. Mdomo wake ni mpana, kwa hiyo mvua hushuka kwenye suruali na kuijaza kutoka juu. Haina kamba wala zipu ya kuikaza, hivyo katika ajali yaweza kuchomoka na kuuacha mguu uchi. Mpira wake mwembamba haukingi kifundo kisipinde. Na kwa kuwa haipumui, jasho la saa 10 hulowesha soksi sawasawa na mvua.

Kama gambuti ndiyo uwezo wako, basi chagua iliyo bora. Katika maduka ya vifaa vya kazi kuna gambuti zenye alama ya S5. Alama hiyo, kwa kanuni ya kimataifa ya ISO 20345, maana yake ni kwamba ndani ya soli kuna bamba linalozuia msumari, na mbele kuna kofia ngumu ya vidole inayostahimili kishindo cha jouli 200. Hicho ni sawa na jiwe la kilo 20 likiangushwa kutoka kimo cha mita moja.

BUTI ZA KAZI NA BUTI ZA PIKIPIKI

Hatua inayofuata ni buti za ngozi za kiwandani. Zitafute zenye alama ya S3: ngozi inayokawia kupitisha maji, bamba dhidi ya misumari, soli yenye meno na kofia ile ile ya vidole. Hufungwa kwa kamba hadi juu ya kifundo, kwa hiyo haziponyoki ovyo. Elewa hata hivyo kwamba "kukawia kupitisha maji" si sawa na "kutopitisha". Mvua ya saa nzima Kangundo Road itapenya.

Jaribu pia kama kofia ya vidole inapita chini ya wenzo wa gia. Buti nene mno humfanya mtu akose gia akiwa katikati ya magari, na hilo ni hatari kuliko maji. Kumbuka kwamba kofia hiyo hulinda vidole tu. Kifundo na muundi zinahitaji ngozi nene na sponji ngumu.

Buti zilizoundwa hasa kwa pikipiki zina kanuni yake huko Ulaya, EN 13634. Ndani ya buti, penye picha ndogo ya pikipiki, huandikwa tarakimu nne, kila moja 1 au 2. Ya kwanza inaonyesha urefu wa buti. Ya pili inaonyesha inavyostahimili kukwaruzwa na lami, ya tatu inavyostahimili kukatwa, na ya nne jinsi soli inavyokataa kubanwa ubavuni. Tarakimu 2 ni bora kuliko 1. Ukiona na herufi WR, buti hiyo imepimwa pia kwa maji.

Buti kama hizo huzuia maji kwa utando mwembamba ulioshonwa kati ya ngozi ya nje na kitambaa cha ndani. Vitundu vya utando huo ni vidogo mno tone la maji lisiweze kupita, lakini mvuke wa jasho hupita. Utando wa aina hiyo unaojulikana zaidi, Gore-Tex, ulitokana na ugunduzi wa Robert Gore wa Marekani mwaka wa 1969. Buti mpya za namna hii ni ghali, na mhudumu wa Kayole akisikia bei dukani huenda akacheka. Lakini kuna njia nyingine.

UKIFIKA GIKOMBA

Njia hiyo inapitia Gikomba. Humo, kati ya marobota ya viatu, hujitokeza buti za pikipiki, za jeshi na za kupanda milima zilizovaliwa Ulaya. Wanaoamka mapema ndio huokota "kamera", yaani zile bora za kwanza robota linapofunguliwa. Muuzaji atakwambia, "Hii ni mali ya Ujerumani, bosi, haijavaliwa hata siku moja." Usibishane naye. Ipime.

Kwanza, ikunje soli kwa nguvu na uibonyeze kwa ukucha. Soli nyingi za siku hizi ni za poliyurethani, nayo huoza polepole kwa unyevu wa hewani hata buti ikikaa kabatini. Ikipasuka au kumeguka kama keki kavu, iache, hata kama ngozi inang'aa. Ndiyo maana buti "isiyovaliwa hata siku moja" yaweza kuwa mbovu kuliko iliyovaliwa.

Pili, fungua kamba na uvute ulimi. Ulimi wa buti ya mvua umeshonwa kwa pande zote mbili hadi karibu na juu. Ulimi ulio huru ni mlango wa maji.

Tatu, kamata kifundo kwa ndani na nje. Pawe na kitu kigumu pande zote mbili. Kisha shika soli pale katikati na uikamue kama nguo, isikubali kujikunja.

Nne, vaa ukiwa na soksi nene, usimame, uchuchumae, uinue vidole kama unayebadilisha gia. Kisigino kisipande ndani ya buti. Buti iwe na kisigino kidogo cha kushika kikanyagio, na soli yenye meno yasiyojaa tope kwa urahisi.

Ukifika nyumbani, fanya jaribio la karai. Jaza karatasi za gazeti ndani ya buti, isimamishe kwenye maji yanayofika kifundoni, ukiikandamiza kwa jiwe safi, uiache nusu saa. Gazeti litakuonyesha mahali panapovuja. Mshono unaovuja mpelekee fundi, lakini mwambie abandike kwa gundi. Kila tundu la sindano linalotoboa utando ni tundu jipya la maji.

KUVAA NA KUTUNZA

Watu wengi huingiza suruali ya mvua ndani ya buti wakidhani wanafunga njia. La hasha! Wanayaonyesha maji njia ya kuingia. Suruali ya mvua ikae nje, juu ya buti, ifungwe chini kwa lastiki. Ncha za kamba zifiche zisinaswe na wenzo wa gia au kikanyagio.

Jioni, toa soli ya ndani, jaza gazeti, ulibadilishe likilowa, na uiache buti penye upepo. Usiiweke kando ya jiko la makaa. Joto hukausha ngozi ikapasuka na hulegeza gundi. Ngozi ikikauka, ipake nta ya viatu, hasa kwenye mishono. Soksi ya akiba iliyofungwa vizuri chini ya kiti ni dawa ya bei ndogo. Badilisha saa sita mchana, na mguu utashukuru.

ABIRIA NAYE

Mzazi unayempeleka mtoto shule kwa bodaboda, jambo hili linakuhusu. Mguu wa mtoto usiofika kwenye kikanyagio huning'inia karibu na spoki za gurudumu la nyuma, na mguu wenye malapa ndio hunaswa upesi. Mvishe viatu vilivyofunika mguu wote, na leso au koti la mama lisiachwe likipeperuka. Kama mguu haufiki kikanyagio, mtoto huyo bado hajawa abiria wa pikipiki.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Vyama vya bodaboda vya mitaani hukusanya pesa kila siku, na mara nyingi pesa hizo hutumika mwenzao akishalazwa hospitalini. Chama kikiamua kwamba kila juma mwanachama mmoja apewe pesa za buti kwa zamu, kikundi cha watu 12 kitakuwa kimevishwa chote kabla ya miezi mitatu kwisha. Mke anayesubiri mumewe Umoja, au mama anayesubiri mwanawe Dandora, anaweza kulianzisha jambo hili leo jioni: amwangalie anapovua viatu mlangoni, na amuulize mguu umerudije.