Imani ya Wahindu: Dhahabu Chini ya Madhabahu (Sehemu ya Tatu)

Juma lililopita tuliona jinsi Veda nne, maandiko matakatifu ya Wahindu, zilivyohifadhiwa vifuani mwa watu, mwalimu akimkaririsha mwanafunzi, karne nyingi kabla ya kuandikwa. Leo nagusa jambo linalowahusu wasomaji wa Geita na Kahama: dhahabu.

Wanaoshinda kwenye maduara ya uchimbaji ya Nyarugusu wanajua kwamba India ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa dhahabu duniani. Wengi hudhani ni kwa ajili ya bangili na mikufu ya maharusi tu. La hasha, dhahabu ina nafasi pia katika imani. Katika Rigveda, mojawapo ya Veda hizo, yenye tenzi 1,028, upo utenzi katika kitabu cha kumi unaosimulia kwamba hapo mwanzo kilikuwapo kijusi cha dhahabu, chanzo cha viumbe vyote.

Imani hiyo inaonekana waziwazi katika Agnicayana, ibada ya siku 12 ya kujenga madhabahu ya moto. Kabla ya kupanga matofali, makuhani hulaza chini bamba la dhahabu, na juu yake kisanamu cha mtu, nacho cha dhahabu. Kisha hupanga matofali tabaka tano, madhabahu ikapata umbo la ndege aliyetandaza mbawa. Mwaka 1975 ibada hiyo ilifanyika Panjal, Kerala, watafiti wakairekodi. Huku kwetu tunaitoa dhahabu ardhini kwa jasho na hatari. Kule kuhani anaifukia kwa hiari.

Ibada ya nyumbani haidai utajiri huo.  Katika havan, ibada ya kutoa sadaka motoni, moto huwashwa ndani ya chombo, mara nyingi cha shaba chenye pembe nne. Kila kijiko cha samli kinapomiminwa, mwenye kutoa hutamka kwamba sadaka hiyo ni ya mungu anayetolewa, kama vile Agni, mungu wa moto. Si ya mtoaji tena.

Bhagavad Gita, kitabu kingine kitakatifu cha Wahindu, inakwenda mbali zaidi. Katika sura ya tisa, mungu Krishna anasema hupokea hata jani, ua, tunda au maji, mradi yametolewa kwa upendo. Kwangu mimi, hapo ndipo penye uzito wa imani hii: asiye na hata chembe ya dhahabu hafungiwi mlango.

Sehemu ijayo tutaifungua Gita yenyewe, yenye sura 18. Mwenye jirani Mhindu asingoje sikukuu ya Diwali, amwulize sasa.