Siku Nne Serengeti

Safari nyingi za kaskazini mwa Tanzania hupangwa kwa pupa: leo Tarangire, kesho Ngorongoro, keshokutwa Serengeti, kisha Arusha. Naona heri siku zote hizo zitumike Serengeti peke yake, yenye kilomita za mraba 14,763, kwa sababu wanyama hawafuati ratiba ya gari. Simba hulala sehemu kubwa ya mchana. Anayempitia saa saba huona mkia ukifukuza nzi chini ya mgunga, basi. Anayesubiri jua lipungue humwona akiinuka, akijinyoosha, akinusa upepo. Mwezi Februari, kwenye nyanda za kusini, ndama wa nyumbu husimama dakika chache tu baada ya kuzaliwa, huku fisi akinyemelea. Anayekimbilia lango atayaonea wapi hayo?

Wapo watakaosema kiingilio hutozwa kwa saa 24, hivyo kukaa ni gharama. Kweli, lakini Tarangire na Ngorongoro nako hulipiwa, na mafuta ya kuhamahama yako juu ya msafiri. Hoja nzito zaidi ni ya faru weusi, ambao ni rahisi zaidi kuwaona ndani ya kreta ya Ngorongoro. Anayewataka hao aende, ila alale jirani, ateremke alfajiri.