Mama wa Wajir aweza kumfunza mwanawe kusoma kwa Kisomali

MNAMO 2018 na tena 2020, baada ya walimu kuuawa na washambuliaji katika kaunti za Wajir na Garissa, Tume ya Huduma za Walimu (TSC) iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Machi 2020 janga la corona likafunga shule kote nchini, na wanafunzi wengi hawakurejea darasani hadi Januari 2021. Nyakati kama hizo, mtoto wa Wajir asiyeanzishwa kusoma nyumbani hana pa kuanzia.

Hata hivyo, akina mama wengi huko hudhani kazi hiyo haiwahusu kwa kuwa hawakijui Kiswahili wala Kiingereza. Wanajinyima bure.

Kusoma huanzia masikioni. Mtoto aliyelelewa kwa hadithi za Dhegdheer, yule mwanamke mla watu mwenye sikio refu, ana hazina kubwa ya maneno. Hata mama asiyejua kusoma anaweza kumwuliza ni maneno gani mengine yanayoanza kwa sauti kama ya "biyo", yaani maji. Mchezo huo hauhitaji kitabu, na huchezeka hata wakati wa kukama mbuzi. Wanaozungumza Kiborana nyumbani wafanye vivyo hivyo kwa lugha yao.

Zikifuata herufi, ndugu mkubwa aliyefika shule anaweza kusaidia. Tangu 1972, Somalia ilipoidhinisha maandishi rasmi ya Kisomali, lugha hiyo huandikwa kwa herufi za Kilatini, kama Kiswahili. Mtoto akisoma "geel" (ngamia) au "af" (mdomo), anajua papo hapo kama amepatia, maana neno ni lake.

Lakini kuna mitego. Katika Kisomali, herufi C ni sauti ya ain ya Kiarabu, kama katika "caano" (maziwa), na X ni ile ha nzito ya kooni, kama katika "xoolo" (mifugo). Mtoto aelezwe mapema kwamba shuleni herufi hizo zitasomwa vingine. Aidha, Kisomali hakina P, V wala Z, ndiposa "pasi" huweza kutamkwa "basi". Hilo ni suala la matamshi, si dalili kwamba hajui kusoma, na kumchapa kwa sababu hiyo ni kumwonea.

Wala jambo hili si geni. Katika dugsi, irabu za Kiarabu hufunzwa kwa majina ya Kisomali, mbinu ambayo kwa mapokeo inahusishwa na Sheikh Yusuf al-Kawnayn, aliyeishi karne nyingi zilizopita. Mtoto wa dugsi tayari anajua kwamba alama husimamia sauti. Lililobaki ni kumzoesha kuanzia kushoto kwenda kulia.

Mchanga wa uani unatosha kuandikia kwa kidole. Dakika 10 kila siku, silabi mbili au tatu, zinafaa kuliko saa nzima ya Jumamosi. Kisha mtoto apimwe, kwani aliyezoea kuhifadhi huweza kughani ukurasa mzima bila kusoma hata neno moja. Aonyeshwe neno lililo katikati ya mstari, si la kwanza. Akisita, arudishwe kwenye silabi za jana.