Jaki na Dribidu: Kwa nini Walugbara na Wakakwa humtaja babu mmoja?

Milima miwili huonekana kutoka sehemu kubwa ya nyanda za juu za West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Mmoja ni Liru, katika nchi ya Wakakwa karibu na Koboko. Wa pili ni Wati, ambao Walugbara huuita Eti, upande wa Terego. Mgeni huona vilele vya mawe tu. Wenyeji husimulia kwamba Liru ndiko alikofia Jaki, na Eti ndiko alikofia Dribidu, na kwamba wana wa wawili hao ndio walioanzisha koo za Walugbara.

Hata hivyo, Jaki si wa Walugbara peke yao. Wakakwa nao humhesabu kuwa babu yao, wakimwita Yeki, na husema alishuka Liru akitokea kaskazini, katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini. Hapo ndipo penye fumbo. Kilugbara ni ndugu wa Kimadi na Kimoru, ilhali Kikakwa ni tawi la Kibari, lugha ya Kiniloti. Watu wa lugha mbili za matawi tofauti wamepataje babu mmoja?

Masimulizi ya Walugbara huanza mbali zaidi. Mungu aliumba mwanamume na mwanamke, Gborogboro na Meme, nao wakazaa mapacha wa kiume na wa kike, ambao walizaa mapacha wengine, kizazi baada ya kizazi, ndugu kwa ndugu. Wakati huo hapakuwa na mahari wala ukoo. Dribidu mwenyewe, ambaye jina lake humaanisha mwenye manyoya mengi, alikuwa akila watu, hata watoto wake, mpaka akafukuzwa ng'ambo ya Nile. Alipofika nyanda za juu alimkuta mwanamke mwenye ukoma, akamponya kwa dawa, akampa mimba. Ndugu za mwanamke wakadai haki yao. Kutokana na dai hilo, wasimulizi wanasema, ndipo ulipozaliwa ugomvi wa koo, na mahari, na maisha ya kijamii kama yanavyojulikana leo.

Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyeishi na Walugbara mwanzoni mwa miaka ya 1950, alitambua kwamba visa hivi si historia kwa maana ya tarehe. Mashujaa wawili wamesimama mpakani. Nyuma yao kila kitu kimepinduka. Mbele yao kuna watu wa kawaida, wenye baba, mjomba na jirani.

Kutoka kwa wana wa mashujaa hao, ukoo, ambao Walugbara huuita suru, hugawanyika katika milango, na milango katika matumbo madogo, mpaka kufikia jamaa chache zinazoishi pamoja chini ya mzee mmoja. Mzee huyo ndiye mwangalizi wa vibanda vya mizimu ya mababu, na mamlaka yake hayavuki jamaa zake. Ndani ya ukoo watu hawaoani. Walio nje ya mzunguko wa udugu huitwa juru, na kwao ndiko mtu hutafuta mke, au zamani, vita.

Kipimo cha udugu kilionekana zaidi pale damu ilipomwagika. Aliyemuua ndugu wa karibu hakutozwa fidia, kwa kuwa hapakuwa na wa kumlipa: anayedai na anayedaiwa walikuwa kundi moja. Adhabu iliachiwa mababu. Msomaji anayewafahamu Wasomali ataona tofauti na mfanano papo hapo. Kwao pia nasaba ya baba hugawanyika ngazi kwa ngazi, na dia hulipwa na kundi zima la jamaa, si na muuaji peke yake. Lakini Msomali hufundishwa tangu utotoni kutaja mababu zake mmoja mmoja hadi juu kabisa. Mlugbara hukumbuka wale wenye kazi.

Hilo ndilo linalofumbua fumbo la Jaki. Nasaba za Walugbara hutengenezwa upya kimyakimya: babu ambaye uzao wake umekwisha husahaulika, na kundi la wageni lililokaa vizazi kadhaa hupewa nafasi katika mti wa ukoo. Majirani wa Koboko na Arua wamehama, wamepigana na wameoana kwa muda mrefu, hivyo haishangazi kwamba wanaheshimu mlima mmoja. Mara nyingi watu hawakukaa pamoja kwa sababu walikuwa na babu mmoja. Walimpata babu huyo kwa sababu walikaa pamoja.

Wanubi, majirani wao wa mjini, hawakuhitaji hata hilo. Chimbuko lao ni askari wa Emin Pasha katika jimbo la Equatoria, ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891. Kilichowaunganisha ni Uislamu, Kinubi na jeshi. Wakakwa na Walugbara wengi waliingia katika Unubi bila kuulizwa nasaba.

Serikali ndiyo iliyokuja kuuliza. Eneo hili lilipoingizwa Uganda mwaka 1914, baada ya kupita mikononi mwa Mfalme Leopold na kisha Sudan, Waingereza waliweka machifu kwa watu ambao hawakuwahi kuwa na mfalme. Mipaka iliwagawa Wakakwa katika nchi tatu. Katiba ya mwaka 1995 ikafunga uraia wa kuzaliwa na jamii zilizokuwamo ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Ukoo ambao milango yake iko Yei, Aru na Koboko haukuumbwa kwa hesabu ya namna hiyo.

Suala lenye uzito zaidi leo ni ardhi. Baada ya kuanguka kwa Idi Amin mwaka 1979, maelfu ya watu walikimbilia Sudan na Zaire, na waliporejea walikuta mashamba yamelimwa na wengine. Ardhi nyingi hapa humilikiwa kimila, kupitia ukoo, bila hati. Mzozo unapofika mbele ya wazee, ushahidi huwa ni kaburi la babu, mti wa mpaka, na jina la aliyefyeka pori kwanza. Anayeweza kuunganisha jina lake na kaburi hilo husikilizwa. Mtoto aliyelelewa kwa wajomba, ambaye baba yake hakulipa mahari, hutamka nasaba ya mama yake, na mara nyingi hulima kwa hisani.