Ujasiriamali Rafiki wa Mazingira: Mfano wa Rusizi

Neno "ujasiriamali" limeundwa kwa "jasiri" na "mali", na wanafunzi wetu hulifasiri upesi kuwa ni ushujaa wa kutafuta mali. Katika mambo ya mazingira, hata hivyo, tunaona kwamba ushujaa huo mara nyingi husukumwa na sheria. Mwaka 2008 Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki; mwaka 2019 sheria nyingine ikakataza plastiki za kutumia mara moja na kutupa. Mwenye duka wa Kamembe akahitaji kitu kingine cha kufungia sukari, na mtengenezaji wa mifuko ya karatasi akapata soko. Hakuhitaji kuhubiriwa.

Matokeo yake ni ajira na mitaa safi, lakini pia magendo: mfuko uliokatazwa huku ukawa na faida kwa anayeuvusha kutoka Bukavu, ng'ambo ya mto.

Chupa nazo zinazotupwa katika Ziwa Kivu huelea hadi mto unapoanzia, zikakwamisha mitambo ya umeme ya Ruzizi I, upande wa Kongo. Huko Bukavu wapo wanaozikusanya na kuzisuka vikapu na vigoda. Hao, kwa maoni yetu, wamevutwa zaidi na malighafi ya bure kuliko kusukumwa na sheria.