Kabla fundi hajapiga plasta, ujue ukuta umeshikwa na nini

Tuseme kwenu Kikima kuna jengo la mawe la zamani: kanisa, darasa ama nyumba ya babu. Limeanza kubanduka. Fundi anafika na mifuko ya simiti, anakuambia siku tatu kazi imeisha. Tulia kwanza, msee. Simiti hiyo inaweza kuua ukuta unaotaka kuuokoa.

Iko hivi. Kuta nyingi za zamani zilishikwa kwa udongo ama chokaa, vitu vinavyopumua. Maji ya mvua yakiingia, hutoka tena polepole. Ukizifunika kwa simiti, maji hukosa njia. Udongo ndani unalainika. Kama jiwe ni laini, chumvi iliyo kwenye maji hugandia humo na kulimega kidogo kidogo. Nje unaona ukuta smati, ndani umeoza.

Cheki Fort Jesus kule Mombasa. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na bado imesimama. Chokaa ya Pwani hupatikana kwa kuchoma matumbawe kwa joto la kama digrii 900, kisha kuyamwagia maji. Ikishapakwa ukutani hunyonya kaboni dioksaidi kutoka hewani na kurudi kuwa jiwe, pole pole.

Sasa wanasayansi hujuaje kilichomo? Wanachukua kipande kidogo, wanakipima uzito, kisha wanakitia kwenye asidi. Chokaa inatoa povu na kuyeyuka, mchanga unabaki. Wanapima tena, na hapo wanapata kipimo alichotumia fundi wa kale. Lakini Pwani asidi inaweza kukudanganya, kwa sababu vipande vya matumbawe na makombe kwenye mchanga huyeyuka pia. Ndiyo maana hukata kipande chembamba sana na kukitazama kwa hadubini, ama hutumia eksrei kutambua madini. Kwetu Makueni mchanga wa mto hauyeyuki kirahisi hivyo, kwa hivyo asidi ingesema mengi.

Wewe unaweza kuanza bila maabara. Usichimbe ukuta, okota kipande kilichoanguka chenyewe. Kitie kwenye glasi ya maji. Kikisambaratika kuwa tope, ukuta wenu umeshikwa na udongo. Kikibaki kigumu, kidondoshee siki. Povu likitoka, yaelekea kuna chokaa, ingawa hata simiti ya zamani inaweza kutoa povu. Hapo ndipo unahitaji mtaalamu. Anzia kwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.

Halafu ongea na fundi. Mwambie azibe kwa kitu kinachofanana na cha zamani, kisichokuwa kigumu kuliko jiwe lenyewe. Pia arekebishe paa na mitaro, maana maji ndiyo adui namba moja. Itachukua zaidi ya siku tatu, sawa. Lakini ukuta uliowangoja babu zako unaweza kukungoja wiki mbili.